Cache Katika Biro ya Vibali

Wakati wa vita, wale walioushika mji wa Uvira walituletea kitu kimoja tu kipya: ordinatere, ile ambayo watu wa ng'ambo wanaiita kompyuta. Wakaiweka katika biro, yaani ofisi, ya vibali, juu ya meza yenye kitambaa cha maua, wakasema sasa utawala umefika. Bila karatasi iliyotoka ndani yake huvuki kizuizi cha Kavimvira kwenda Bujumbura, hata kama unakufa. Mke wangu Inamahoro alikufa kwa tumbo siku ya tatu ya kuingoja karatasi hiyo.

Mwaka haukuisha, nikarudi palepale na binti yetu Délice. Mtoto alikuwa amelala upande tumboni mwake. Mkunga alisema lazima apasuliwe leo, na daktari wa kupasua alikuwa ameshaikimbia vita. Kizuizi kilikuwa kikifungwa saa tisa. Ilikuwa saa sita na nusu, sisi tulikuwa wa nne, na kibali kimoja kilichukua saa nzima. Mimi niliishia darasa la nne, kule Runingu, lakini hesabu hiyo niliiweza.

Mkuu wa biro aliitwa Ildephonse. Kabla ya vita alikuwa akikata tikiti za mpira uwanjani. Vita ikampa bastola na muhuri, akaanza kutembea kama mtu aliyebeba yai kwapani. Siku hiyo alikuwa amemwita Révérien, fundi wa mashine wa Nyamianda, kwa sababu komanda mmoja naye alikuwa amengojeshwa. Sisi tungoje, sawa. Komanda, hapana!

Nilisimama mlangoni. Délice alikuwa nyuma yangu kwenye mkeka, akiuma kitenge chake.

Révérien alizima mashine, akaiwasha tena huku akibonyeza kidude kimoja. Ukatokea ukurasa wa bluu. Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena.

"Chef, nani alizima cache?"

Ildephonse akacheka kwa kujisifu. "Minye mwenyewe! Fundi wa kwanza alinionyesha hapo: cache imewashwa. Cache? Mu biro yangu? Weye unataka nipigwe risasi?"

Msomaji aelewe. Siku zile askari walikuwa wakivunja milango wakiuliza neno hilo hilo: cache iko wapi? Walimaanisha bunduki zilizofichwa. Watu walikufa kwa kutokuwa na jibu. Lakini wale waliokufa hawakuwa na ordinatere ya kuiuliza.

"Chef, hii si cache ya silaha," Révérien akasema. "Mwangalie mama anayepika bugali. Chumvi iko wapi?"

"Kando ya moto."

"Na mwiko?"

"Mukononi."

"Haya. Kichwa cha mashine kinapika haraka kuliko mama yeyote. Lakini vitu vyake viko mbali, mu memwari kubwa, ghala yake, kama sokoni. Ndiyo maana walimpa kafasi kadogo hapa karibu kabisa. Kitu alichokitumia sasa hivi, atakihitaji tena sasa hivi, basi kinabaki pale. Kafasi hako ndiko kanaitwa cache. Weye ulimunyang'anya. Kila punje ya chumvi anaenda sokoni kuinunua, anarudi, anatia, anaenda tena."

"Kwa hiyo mashine haikuharibika?"

"Mashine iko nzima, Chef."

"Chef, hiyo cache uliizima mwezi gani?" nikauliza mimi.

Ildephonse akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyeongea. "Mwezi wa pili. Inakuhusu nini?"

Inamahoro nilimzika mwezi wa nne. Mtu anaweza kuuawa na bomu, na angalau bomu limetengenezwa na mtu aliyesoma.

Révérien alinyoosha kidole awashe. Ildephonse akaupiga mkono wake. "Hapana! Neno hilo likiwaka hapa, askari wakilisoma, nitasema nini?"

"Mutasema ni ya processeur," akasema Révérien, akimaanisha kile kichwa cha mashine.

"Nani huyo? Anakaa Kilibula?"

Foleni ikacheka. Yeye hakucheka, aliuliza kweli.

Délice akatoa sauti ambayo niliijua kwa mama yake. Saa ukutani ilisema saa saba na dakika kumi. Ningeweza kumwambia mtu yule alivyo. Lakini mjinga mwenye muhuri humtukani, unambembeleza kama mtoto mwenye kisu.

"Chef," nikasema, "kama ni jina tu, tulibatize. Iite réserve, ni akiba. Komanda iko na réserve, gavana iko na réserve. Réserve ya Chef Ildephonse."

Akalitafuna neno. "Réserve ya Chef."

"Haiwezi kukosa mu biro kubwa," nikasema.

"Révérien! Hako kaukurasa kanaonekana kwa watu?"

"Hapana, Chef. Kanajificha chini ya vingine."

"Basi washa réserve yangu. Haraka! Mbona munachelewesha watu?"

Révérien akawasha. Wale watatu wa mbele walipata karatasi zao kabla sijamaliza kumfuta Délice jasho, na yake ikatoka mashineni ikiwa bado na joto. Ildephonse akainua mkono juu na kugonga muhuri, foleni nzima ione.

"Papa, hausemi aksanti?"

"Ya nini, Chef?"

"Ya mwendo! Umeona mwendo wangu?"

"Nimeuona," nikasema. "Tangu mwezi wa pili."

Hakuelewa. Alikuwa ameshageuka, akimwelezea mtu wa tano jinsi yeye na réserve yake walivyoitengeneza mashine.

Tulimsukuma Délice kwenye mkokoteni, mimi na Révérien, mpaka Kavimvira. Karatasi ilikuwa ya mtu mmoja. Askari akaisoma, akainua mti wa kizuizi, na Olive, shangazi ya Délice aliyekuwa akingoja upande wa pili, akaushika mkokoteni. Ilikuwa saa nane na nusu. Délice hakugeuka kunitazama, na sikutaka ageuke. Nilitaka aende.