Jina la Meya Ndani ya Wimbo

Rosendo, mpambe wa meya, alimshika Eleuterio bega sokoni, vile wanavyoshika wakubwa wakitaka kitu. Akamwambia jioni ile kwenye fandango, ngoma ya kijiji, zamu yake ya kutunga ubeti ikifika, amsifu meya kwa jina.

"Na nisipomtaja?"

"Domitila anafagia zahanati ya nani, mzee?"

Domitila ni bintiye wa pekee, na ufagio ule ndio uliowalisha wote wawili. Zahanati hiyohiyo ndiyo yenye boti. Mto ulipofurika mwaka juzi, Hermelinda, mke wa Eleuterio, alibanwa na kifua, na boti haikuwapo. Meya alikuwa ameichukua kuvushia wageni wa karamu yake. Hermelinda alikata roho gatini akiingoja. Nani aliulizwa? Wakubwa hawaulizwi.

Jioni wapiga gitaa walizunguka jukwaa la mbao, na wimbo wa kale ukaanza. Ubeti ulipita mtu kwa mtu, na Eleuterio aliuona ukimjia. Nyuma yake ukuta wa kanisa, mbele meya kitini.

Domitila alikuwa akicheza jukwaani amevaa viatu vyeupe vya mama yake. Mtu akiimba, mchezaji hupapasa mbao kwa nyayo ili maneno yasikike. Visigino hungoja amalize. Hermelinda ndiye aliyewafunza wasichana wote, na aliyekanyaga juu ya maneno alimshusha jukwaani.

Eleuterio akaanza na mto. Miguu ya binti ikapapasa. Akaimba boti. Kisha jina la meya, akalisukuma litoke.

Domitila akakanyaga. Visigino vyote viwili, tena na tena, mbao zikanguruma, jina lisisikike. Wapigaji wakatazamana. Kina mama wakashika midomo.

Meya, mtu wa kuletwa kutoka mjini, alipiga makofi. Akasema binti ana moto.

Lakini Rosendo alizaliwa hapohapo. Alipenya hadi kwa Eleuterio, akamwinamia sikioni.

"Bosi hajaelewa, nasi tusimweleweshe. Zamu ikirudi utamtaja tena. Na binti ashuke."

Eleuterio akamtazama bintiye, akamwashiria kwa kichwa ashuke.

"Mama angenishusha pia, baba," alisema Domitila akipita, viatu mkononi.

Hakuna mwanamke mwingine aliyekubali kupanda mahali pake. Wimbo uliendelea, ubeti ukapita mtu kwa mtu ukirudi upande wake, na jukwaa likabaki tupu, kimya, kila neno lisikike.