Jicho la Haruni

Penye miti hapana wajenzi. Mtoto wa Haruni mpiga picha, aliyezaliwa katika nyumba yenye studio, alifika umri wa kuposwa hana kamera yake mwenyewe. Sabra alikuwa akipiga kwa simu, tena simu iliyopasuka kioo, na bado picha zake za wavuna mpunga na wakata mikoko zilikuwa zikirushwa na watu mpaka Dar. Kila aliyeziona alimwambia neno lile lile: tafuta kamera, mtoto, acha kuchezea kipaji.

Na kamera nyumbani ilikuwepo. Hapo ndipo penye kidonda.

Ilikuwa imefungwa kwenye kanga, ndani ya sanduku la mama yake, tangu siku Haruni alipopanda boti Nyamisati kwenda Mbwera kupeleka picha za harusi. Alikwenda na picha tu. Kamera aliiacha, akasema safari hiyo hana kazi nayo. Boti ikapinduka karibu na mlango wa mto. Wenzake wote waliokolewa, yeye hakuonekana, si mzima si maiti. Zilizoonekana ni picha. Wavua kaa walizikuta zimenasa kwenye mizizi ya mikoko, bibi harusi akicheka juu ya tope, na mbele kidogo akicheka tena. Kwa muda mrefu hakukosekana mtu wa kubisha hodi na picha mkononi, hajui amkabidhi nani. Wenye harusi walizikataa. Nani atundike ukutani sura iliyotoka huko?

Shehe alisoma, watu wakaswali swala ya ghaibu, baba mdogo Sufiani akaja kutoka Dimani na mchele wa matanga. Mwanajuma, mke wa Haruni, aliwapikia wote, akawashukuru wote, kisha akasema yeye hakai eda. Eda ni ya mjane, na mumewe hajafa. Kandambili za Haruni zikabaki mlangoni zimeelekea ndani, na ole wake anayefagia akazisogeza. Maji yake ya kuoga yaliwekwa kila magharibi. Majirani walinong'ona wee, mwisho wakachoka. Hata umbea huchoka ukikosa jipya.

Sabra aliwahi kuiomba ile kamera mara moja tu. Mama yake alimjibu kwamba ile ina mwenyewe, na mwenyewe atakuja. Basi Sabra akaanza kudunduliza pesa za cherehani yake, na ulipofika wakati akaenda kwa Mudrick.

Mudrick alikuwa na duka kando ya barabara kuu pale Kibiti, anatengeneza simu, anasafisha picha, na kazi hiyo alifundishwa na Haruni mwenyewe. Alimwekea Sabra kamera mbili juu ya meza. Moja mpya, ndogo, nyepesi, haina kioo ndani, kile kinachorusha taswira mpaka jichoni na kugonga unapopiga. Unapiga hata msikitini mtu hasikii. Ya pili imetumika, nzito, ya zile za kioo. Kwa maneno yake mwenyewe, mwenye akili angechukua ile mpya. Kisha, kwa kuwa hakuwa muuzaji mzuri sana, akaisifia na ile ya pili.

"Hii isiyo na kioo, betri ikiisha ni giza, dada Sabra. Unachungulia kama umetia jicho kwenye mtungi. Lakini ya kioo, hata ikifa, inaona."

Sabra aliisukuma pembeni ile mpya. Aliomba aishike ile nzito. Mudrick alimwangalia usoni, akaona Sabra anavyokunja macho akitazama mbali, mtindo ule ule wa Mwanajuma, akagusa kitu kwa ukucha kando ya kidirisha cha kuchungulia, ndipo akampa. Sabra akaielekeza barabarani, akabonyeza. Klap.

Alikuwa ameisahau sauti hiyo. Ilikuwa sauti ya utoto wake wote, ikitoka chumba cha mbele, na baada yake baba yake akimwambia mteja asante, sasa kaa vizuri tena. Machozi yalimtoka mbele za watu, akasingizia vumbi la malori. Mudrick, ambaye si mjinga, alimuuliza taratibu kwa nini anunue, na ya mzee iko nyumbani inazishinda zote mbili. Sabra akasema atafikiri, akaondoka.

Alifikiri mpaka siku mama yake alipokwenda kwenye hitima mtaa wa pili. Akafungua sanduku.

Kwanza kilichomshtua ni kanga. Ilikuwa imekunjwa upya, inanukia udi, na kamera haikuwa na vumbi hata chembe. Chaja ilikuwepo pembeni. Akachaji betri, akatoka uani, akaweka jicho.

Uani palikuwa na mnazi, kamba ya nguo na jiko la kuni. Ndani ya kidirisha hapakuwa na hata kimoja. Palikuwa na kijani kinachochezacheza, kivuli kirefu kisicho na kingo, na mwanga wa juu umemumunyika, kama mtu anavyoona akifumbua macho ndani ya mto. Sabra aliogopa, lakini kidole kilikuwa kimekwisha bonyeza. Akatazama picha nyuma ya kamera. Mnazi huu hapa, kila ukuti mahali pake, kila kibanio cha nguo. Akachungulia tena. Maji. Jicho linaona maji, picha inatoka kavu.

"Umemwona?"

Mama yake alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, baibui lingali mwilini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Sabra zaidi.

Wakaketi, na Mwanajuma akasema yote aliyokuwa ameyafungia moyoni. Matanga yalipoanuliwa alikuwa ameichukua kamera aione tu, akatia jicho, akakuta maji. Hapo hapo akajua. Haruni yuko kule chini, na anatazama. Maiti haoni, na huyu anaona, basi hajafa. Tangu siku hiyo kila Ijumaa, swala ya mchana ikiisha, alikuwa akijifungia chumbani na kumchungulia mumewe. Hakumwambia mtu, maana angepelekwa kusomewa.

"Siku yakikauka humu ndani," alisema, akiipapasa kamera, "ujue baba yako katoka."

Sasa mtu mwenye akili zake angecheka. Sabra hakucheka, kwa sababu maji ameyaona kwa jicho lake. Alianza kulala amejifunika kichwa. Jioni alipeleka ndoo bafuni mbio mbio bila kugeuka nyuma, na kila alipopita mlangoni aliziruka zile kandambili kama zimevaliwa. Ijumaa iliyofuata waliingia chumbani pamoja, mama na mwana, wakapokezana kamera kimya kimya, na wote wawili wakaona maji yale yale. Mwanajuma alimshika mkono akambana. Alifurahi, maskini, kupata mwenzake.

Sabra aliona akikaa hivyo atarukwa na akili. Akarudi kwa Mudrick kununua ile nzito, awe na kamera isiyo na mtu ndani. Mudrick alikuwa ametoka kumwonyesha mteja mwingine, akamkabidhi vile vile. Sabra akaielekeza barabarani, akaweka jicho.

Maji.

Kidogo aiangushe. Aliishusha mezani kwa mikono miwili, akamuuliza, kaka Mudrick, na humu kafa nani?

Mudrick hakuelewa. Alichungulia mwenyewe, akacheka, akamwonyesha gurudumu dogo kando ya kidirisha, dogo kiasi cha mtu kutoliona. Alimweleza kwamba jicho la mtu si la mwenzake. Mteja aliyetoka ni mtu mzima asiyeona karibu, gurudumu limewekwa kwa macho yake. Sabra haoni mbali, kwake lazima lizungushwe upande wa pili. Siku ile alilizungusha yeye kabla ya kumpa. Lenzi haijui habari hizo, picha hutoka safi tu. Mzee Haruni naye, akasema, alikuwa akivua miwani kila anapopiga, kamera yake kaiweka kwa macho yake, na mwingine yeyote akichungulia mle haoni kitu.

Akalizungusha kwa ukucha. Barabara ikaja, na mama muuza korosho, na mbuzi.

Sabra alirudi nyumbani bila kamera yoyote, moyo mzito. Angeweza kunyamaza, mama yake azeeke akichungulia. Angeweza kulizungusha kwa siri, na Ijumaa mama yake akute maji yamekauka, achinje kuku na kumngoja mtu mlangoni. Hilo la pili lilimtia baridi. Uongo wa namna hiyo angeutolea wapi msamaha?

Alimkuta mama yake kibarazani anachagua mchele, jua la alasiri limelala. Akaileta kamera, akapiga magoti mbele yake.

"Mama, si maji. Ni macho ya baba."

Alimweleza kama alivyoelezwa, akamwonyesha gurudumu bila kuligusa. Mwanajuma aliusogeza mchele pembeni. Kisha akapangusa vumbi la mchele mikononi, akaipokea kamera, akaielekeza uani. Sabra akambonyezea kitufe nusu, ili lenzi ijiweke sawa. Mwanajuma akaweka ukucha kwenye gurudumu, akazungusha taratibu.

"Mnazi," alisema. Kisha akasema, "Nguo zako hujaanua."

Akaendelea kutazama. Halafu, pale ambapo Sabra alidhani yamekwisha, alianza kulirudisha gurudumu nyuma. Alilirudisha kidogo, akachungulia, akatikisa kichwa, akalisogeza tena. Ukungu ulikuja mwembamba, ukaja mzito, na kila ulipokuja alisema siyo huu. Alijaribu mbele, akajaribu nyuma, kucha zinakwaruza. Gurudumu halikuwa na alama ya kumwambia Haruni aliliacha wapi. Sabra hakuwa amefikiria kuweka alama, na wazo hilo lilipomjia lilimchoma kifuani, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Mwanajuma akaishusha kamera mapajani.

"Nimempoteza," alisema.

Akalia kilio alichokuwa anadaiwa tangu siku ya boti. Majirani walioingia baada ya kukisikia hawakuuliza kuna nini. Walivua viatu, wakaketi naye mkekani, na mmoja wao akaumalizia ule mchele.

Walipoondoka, Mwanajuma alijifuta uso kwa pembe ya kanga, akampa Sabra kamera na kumwambia aweke jicho lake. Sabra alitafuta kwa gurudumu mpaka sura ya mama yake ikaja, mikunjo yote, kope zimevimba. Akabonyeza. Klap.

Kwa mazoea ya miaka yote, Mwanajuma alisikia sauti ile akageuza uso kuelekea chumba cha mbele. Alitazama huko mpaka alipotosheka. Kisha akasema kesho shehe aitwe, ana eda ya kukaa, na leo maji ya kuoga yasiwekwe, na zile kandambili ziondolewe mlangoni.

Sabra akaenda kuziokota. Chini yake saruji ilikuwa haijachakaa kama kwingine. Palibaki alama za nyayo mbili, zimeelekea ndani.