Nyumba Yenye Stoo

Rangi ilikuwa mpya kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno tu. Juu ya hapo ukuta ulibaki na ukale wake, kama mtu aliyevaa suruali ya harusi na shati la shamba. Mama Pindo, fundi cherehani aliyepewa jina hilo na wateja kwa kuwa pindo zake hazikuwahi kufumuka, alikwaruza kwa ukucha. Rangi ikabanduka kama ganda la kitunguu. Chini yake palikuwa na unyevu.

"Maji hupanda hapa?"

"Maji ya wapi, shemeji?" Mdogo wa marehemu mumewe alicheka. Alikuwa dalali wa nyumba, na maneno yalimtoka laini kama uzi uliopakwa nta. "Huko ni kuipamba tu. Vyumba vitatu, wapangaji watatu. Utaiaga cherehani."

"Na mlango ule wa nyuma?"

"Stoo. Makorokoro ya mwenye nyumba."

Mama Pindo alitazama kizingiti cha mlango ule. Kilikuwa kimefagiliwa. Nani hufagia kizingiti cha makorokoro?

Shemeji huyu ndiye aliyebeba jeneza la mumewe, ndiye aliyekuwa akibisha hodi kila sikukuu asiache watoto wajione yatima. Kumshuku kulikuwa kama kutemea mate sahani uliyokwisha kulia. Kwa siku tatu alijikemea. Alikwenda ofisi ya ardhi akaambiwa hati ni halali, jina la muuzaji ni lenyewe. Badala ya kutulia, alizidi kushuku. Miaka ishirini ya ushonaji ilikuwa imemfunza kwamba nguo husifiwa upande wa nje, lakini ukweli wake huujua aliyeigeuza ndani nje.

Jumanne asubuhi alifunga kibanda chake akarudi kule peke yake, bila kumuaga mtu.

Vyumba vitatu vilikuwa wazi. Vitanda alivyovikuta Jumamosi havikuwapo, wala wapangaji waliomsalimu kwa adabu iliyopitiliza. Sakafuni palibaki kipande cha gazeti na kibiriti kitupu. Alisimama katikati ya chumba akihisi uso ukimwaka, kama mtu aliyecheka mzaha kisha akagundua kuwa anayechekwa ni yeye.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mwanamke wa makamo alitoka na ufagio mkononi, akamtazama juu hadi chini.

"Wewe mnunuzi wa ngapi?"

"Nilidhani wa kwanza."

"Wa nne. Karibu ukae, dada. Wenzako walikuja kulia baada ya kulipa, wewe afadhali umekuja mapema."

Chumba kilikuwa kidogo, kisafi, na alama ya maji ikiuzunguka ukuta kama mkanda. Mwanamke alisimulia bila haraka. Nyumba waliachiwa na baba yao, yeye na kaka yake. Wakati yeye anamuuguza mama, kaka alikwenda kuandikisha hati kwa jina lake pekee. Shauri lilikuwa mahakamani mwaka wa pili sasa.

"Dalali anajua?"

"Huyo? Ndiye aliyewaleta wote watatu."

Simu ya Mama Pindo ikaita. Alilitazama jina, akafungulia sauti ili wote wawili wasikie.

"Shemeji, uko wapi? Kuna mtu mwingine ameitaka nyumba. Tusipolipa leo, imekwenda. Nakuhangaikia wewe na watoto tu."

"Nikumbushe, shemeji. Kule nyuma kuna nini?"

"Si nilikwambia? Stoo. Vitu chakavu tu, siku ya kuhamia nitakuondolea mwenyewe."

Mwenye chumba aliinamisha uso, akawa anaokota kitu kisichokuwapo kwenye kanga yake.

"Nimesikia," Mama Pindo alisema, akakata simu. Alijaribu kumkasirikia yule mtu, lakini kilichomjia ni ule mgongo wake ulioinama chini ya jeneza. Akajiuliza kama hata siku ile shemeji alikuwa akipima faida yake.

"Mimi si mkaidi," mwanamke alisema huku akimimina chai kwenye vikombe viwili. "Nikishinda shauri, sehemu yangu nitauza. Na heri nikuuzie wewe kuliko mwingine, umekuwa muungwana."

Sauti yake ilikuwa ya upole, laini kama ile ya shemeji. Kizingiti chake kilikuwa safi, maelezo yake hayakuwa na mshono uliolegea. Mama Pindo alipokea kikombe kwa mikono miwili, akashukuru, akakishika pale magotini pake kikimuunguza vidole.

Hakunywa. Alikuwa akingoja mwenziwe anywe kwanza. Na mwenziwe, aliyekwisha kuinua cha kwake, alisita, akamtazama, akaelewa.