Ukarimu wa Tumbo la Saleha

Ijumaa hiyo asubuhi Saleha alikuwa uani kwa wakwe zake, Isevya, akichagua mchele. Ulikuwa mwaka wa operesheni ya vijiji, na mchele wa duka la ushirika ulikuja na mawe ya kutosha kujengea choo. Mama mkwe wake, Bi Semeni, alikuwa jikoni akipima sukari kwa kijiko na kuilaani serikali kwa sauti ya chini. Redio ilikuwa dirishani, inahutubia. Ndipo tumbo la Saleha likauliza, "Nani huyo?"

"Ni wa kwetu," sauti nyingine ikajibu humo humo tumboni, nzito, kama ya mzee aliyeamshwa usingizini.

"Kama ni wa nyumbani, atajitegemea," ikasema ile ya kwanza.

Saleha akaweka ungo chini. Mimba nne zilizotangulia zilisemewa maneno hayo hayo, na hakuna iliyomaliza wiki baada ya kusemewa. Bi Semeni alitoka jikoni na kijiko chake mkononi, akasema, "Tena?" kama mtu aliyeambiwa maziwa yamekatika. Akarudi kwenye sukari yake.

Waliokuwa wakisema ni wazee wa tumboni, walinzi wa mwili wa Saleha, na mtaa mzima ulikwisha wazoea. Walikuwa watu wa utaratibu. Adui akiingia, kama mwiba au homa, walimpiga mpaka akatoka. Mgeni akiingia walimtandikia mkeka, wakamwekea pazia, wakakaa mlangoni asiguswe na mtu. Wa nyumbani hawakumfanyia lolote, kwa sababu wa nyumbani anajua mtungi ulipo. Tatizo ni kwamba mtoto wa miezi miwili tumboni hana mikono ya kushikia mtungi.

Saleha na mumewe Soud walikuwa watoto wa mtu na ndugu yake mara mbili, baba zao ndugu wa tumbo moja na mama zao vivyo hivyo. Babu na bibi zao nao walioana kwa mtindo huo huo tangu enzi za misafara, ili damu isichanganyike, na mitende ya Muskati isigawanywe, ingawa hiyo mitende hakuna aliyewahi kuiona. Kwa hiyo kila mtoto aliyetungwa alibisha hodi akiwa na sura ya wenyeji, na wazee wakarudi kulala. Daktari mmoja wa mjini aliwahi kuwasikiliza kwa makini. Alisema wana Kiswahili kizuri, akampa Saleha vidonge vya kuongeza damu, akaita mgonjwa mwingine. Wakwe walisema tumbo lake halina adabu.

Saleha alikuwa bado ameuinamia ungo wake wakati muuza samli alipobisha mlango wa nyuma. Huyu alikuwa Shilinde, mfugaji wa Kisukuma kutoka Nzega, aliyewaletea samli miaka yote na miaka yote akasimamishwa juani.

"Mwangaluka, mayu," alisema, akiamkia kwa heshima ya kwao.

"Mgeni!" wazee wakapiga kelele tumboni. "Tandikeni! Maji ya miguu yako wapi?"

Saleha alihisi tumbo lote linapata joto. Bi Semeni alipokea samli, akafunga mlango. Barazani Mzee Humaidi, baba yake Soud, alikuwa anawasimulia majirani jinsi babu yake alivyowalaza wageni na kuwalisha katika tembe lake la Kwihara, msafara baada ya msafara, bila kuwauliza kabila. Masimulizi hayo hayakuwa na mwisho. Ukarimu wenyewe ulikwisha hama nyumba ile, ukabaki tumboni mwa Saleha peke yake.

Saleha akasimama, akashika kiuno.

"Wazee wangu," alisema, "huyo mliye naye humo ndiye mgeni. Anaitwa Shilinde. Katoka Nzega kwa miguu."

"Sasa mbona hamkusema?" wakafoka. Ikasikika mikeka inakung'utwa, na mmoja akiomba radhi kwa niaba ya wenzake.

Wiki ikaisha, mimba ikabaki. Saleha akamweleza mama mkwe wake, ambaye pia alikuwa dada mkubwa wa mama yake. Bi Semeni aliifunika sukari yake kwanza.

"Mwite hata Msukuma, mradi azaliwe," alisema. "Akizaliwa tutajua la kufanya."

Saleha hakuipenda ile sentensi ya mwisho. Lakini alimtaka mtoto kwa uchungu ambao hakumwonyesha mtu, akaikubali.

Ikawa kila baada ya alasiri nyumba nzima inamzunguka kumwamkia mgeni. Mzee Humaidi, ambaye alikuwa hajawahi kumpa mkono mfugaji yeyote, alilisogelea tumbo la mkwewe na uso wa mtu aliyelamba mshubiri. "Karibu, Bwana Shilinde," alisema. "Mvua zimenyesha huko Nzega?" Soud aliuliza habari za ng'ombe. Bi Semeni aliahidi uji. Saleha alikaa katikati yao akicheka kimoyomoyo, na baada ya kicheko akashikwa na hasira, kwani wakati huo huo Shilinde wa samli alikuwa amesimama mlango wa nyuma akisubiri debe lake tupu.

Redio ilizimwa. Hotuba zilikuwa zinawaita watu wote ndugu, na wazee walikuwa na masikio makali.

Katika mwezi wa tano wa mimba akaja Masolwa, balozi wa nyumba kumi, mtu mnene mwenye kalamu mfukoni na asiye na cha kuandika. Alikuwa amesikia kuna mgeni ambaye hajaletwa kwake. Bi Semeni akamwonyesha tumbo. Masolwa aliliangalia kwa namna anavyoangalia vibanda vilivyojengwa bila idhini.

"Nchi hii haina mgeni," alisema. "Sisi sote ni ndugu."

"Ndugu?" wazee wakaulizana. "Basi ni wa nyumbani. Kunjeni mkeka."

Maumivu yakamkata Saleha kiunoni. Masolwa, alipoona neno lake limesikika, akalirudia kwa sauti kubwa zaidi: ndugu, ndugu, ndugu. Bi Semeni akatazama dari. Soud akatazama viatu vyake. Alikuwa mwanamume wa kutazama viatu, na viatu vyake vilikuwa safi siku zote. Saleha akaona hakuna wa kumsaidia. Akajikokota mpaka ukutani, akasimama.

"Ndugu gani asiyejua hata lugha yenu?" alipaza sauti. "Mwangaluka, Shilinde!"

"Mwangaluka," ikajibu sauti ndogo kutoka ndani kabisa, imechoka na safari.

"Mgeni, jamani!" wazee wakasema. "Tandikeni upya!"

Maumivu yakapoa. Masolwa alisema kama ni hivyo, mgeni ajitokeze Jumamosi kwenye shamba la pamoja na jembe lake, akaaga. Saleha akakaa chini akalia kwa hofu na furaha, na hakujali nani anamwona.

Mtoto alizaliwa mwezi wa mfungo, mikononi mwa mkunga aitwaye Nyamizi. Alikuwa mzima, wa kiume, na nyayo zake zilikuwa na vumbi jekundu la barabarani. Nyamizi akaliosha vumbi kabla ya kukata kitovu, akasema wengine huja na mengi zaidi. Pua ilikuwa ya Soud. Kidole cha mwisho kilipinda kama cha Mzee Humaidi. Saleha alimweka kifuani akasikia uzito wake, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe hakutaka kitu kingine chochote.

Siku ya saba hawakuchinja. Akika, alisema Mzee Humaidi, ni ya mtoto wa nyumbani.

"Baba, ana kidole chako," alisema Soud, na hilo ndilo neno la ujasiri zaidi alilowahi kulisema.

"Wageni wengi wana vidole," akajibu baba yake.

Hawakumnyima kitu. Walimpa chumba cha mbele na chandarua kipya, wakamuuliza kila asubuhi kama amelala salama. Bi Semeni alimbeba kwa mikono miwili, mbali kidogo na kifua, kama sinia ya watu. Ndugu, ami na makhalati, waliokuja kumwona waliuliza atakaa mpaka lini.

Siku ya arobaini wakamfungia masurufu: mkate wa kumimina, tende, na halua iliyofichwa tangu Idi. Mzee Humaidi akavaa joho, akasimama barazani, akamuaga mgeni kwa hotuba nzuri iliyotaja Kwihara mara nyingi. Machozi yakamtoka. Yalikuwa machozi ya kweli, na hilo ndilo lililomchefua Saleha kuliko yote.

"Ami," alisema, "huyu ni mjukuu wako. Damu yako."

"Mwanangu, tumemwita mgeni miezi minane, mbele ya mtaa mzima," alisema Mzee Humaidi. "Nyumba hii haina kauli mbili. Kwao ni Nzega, na basi linaondoka saa nne. Wewe ni wa nyumbani, utabaki."

Saleha akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga, akabeba masurufu.

"Mgeni wenu hajui kutembea," alisema. "Namsindikiza."

Hapo wakampisha njia, maana kusindikiza mgeni ni heshima ambayo hata wao walikuwa hawajathubutu kuikana. Soud alitazama viatu.

Kwenye kituo cha basi Saleha alikuwa amekwisha weka mguu ngazini aliposikia jina lake. Bi Semeni alikuwa anakuja mbio, buibui limepanda, pumzi juu juu. Moyo wa Saleha ukaruka. Akashuka ngazi, akamgeuza mtoto ili bibi yake aone uso.

"Nimekuwahi, alhamdulillahi," alisema Bi Semeni. "Mwanangu, Soud tunamwoza Swaumu, yule binti wa ami yenu wa Kwihara. Sasa akishika mimba, wazee wa tumboni mwake tuwaambie kaja nani? Msukuma simtaki tena, Nzega ni karibu, tutakutana nao sokoni kila siku. Nilikuwa nafikiria mtu wa Songea."

Saleha alimtazama. Alitaka kumtukana, na matusi alikuwa nayo. Kisha akamfikiria huyo mtoto wa Swaumu, atakayebisha hodi na pua ya Soud na asiamkiwe na mtu.

"Mwiteni Ngonyani," alisema. "Na nauli anzeni kuchanga mapema. Songea ni mbali."

"Kweli," alisema Bi Semeni. Akamshukuru, akamtakia mgeni safari njema, akashika njia ya Isevya akilirudiarudia jina lile asije akalisahau.