Risasi Zilizofuliwa

Shuka la hospitali hukunjwa na watu wawili. Kila mmoja hushika pembe mbili, wanalivuta mpaka linyooke, kisha wanasogeleana hadi vidole vigusane. Mama Kichanga alikuwa akikunja na wifi yake, dada wa mumewe, na walikuwa wamezoeana kiasi kwamba walikunja huku wakisutana.

"Vuta, wifi. Au kaka yangu hakulishi?"

"Ananilisha maneno. Na leo yameniganda kooni."

Msimamizi wa chumba cha kufulia akaingia. Akachomoa bastola kiunoni, akaiweka juu ya meza, kando ya mashuka yaliyokwisha kupigwa pasi. Ikalia ko. Mvuke wa pasi ukasimama hewani kama pamba iliyochambuliwa. Tone lililokuwa likidondoka bombani likaning'inia katikati ya safari. Miguu ya wanawake ikashika sakafu. Iliyoachiwa ni mikono, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi, na midomo, kwa sababu midomo ya chumba kile ilishindikana siku nyingi.

Hakuna aliyeinua jicho. Ndivyo ilivyokuwa tangu kampuni ilipompa bastola ile alinde sabuni.

Jambo jingine lililojulikana na wote ni kwamba risasi zake zilikuwa zimefuliwa. Alikuwa amepiga marufuku mtu yeyote kugusa mifuko yake. Basi siku alipoleta koti lake lifuliwe, hawakuigusa. Koti likatumbukizwa kwenye pipa la maji ya moto pamoja na magauni ya chumba cha upasuaji, sabuni na dawa ya madoa, likachemka asubuhi nzima. Risasi zilitoka zinang'aa na kunukia, lakini zilikuwa zimechuja kama kitambaa cha bei rahisi. Msimamizi alizianika dirishani, akazirudisha mahali pake, akajaribu moja kwa panya aliyekuwa karibu na mtaro. Risasi ilipomfikia, panya aliinusa, akaenda zake.

Jua lilipopanda, mama mkwe alifika getini na mtoto mgongoni, kama kawaida yake. Sheria ya kazi ilimpa anayenyonyesha saa yake moja. Mwezi huu saa hiyo ilikuwa haijatolewa hata mara moja. Mtoto alikataa chupa, akakataa na kijiko, na mashavu yake yalikuwa yameanza kushuka. Kilio chake kilipita dirishani, kikavuka mvuke uliosimama, kikamfikia mama yake.

"Bosi, naomba nikamnyonyeshe mtoto."

"Mashuka hayajikunji."

"Ni haki yangu kisheria."

"Kaiambie sheria ije ikunje. Nani alikutuma kuzaa?"

Wifi akasonya. "Yule getini ni mama yangu, amesimama juani."

"Na wewe nyamaza, mdomo kama pipa lisilo na kifuniko."

Mama Kichanga alikitazama kile chuma. Alikuwa ameona panya alivyokwenda zake, na yeye si mdogo kuliko panya.

"Nipige basi," akasema. "Kama kweli unayo, nipige, halafu nikanyonyeshe."

Msimamizi akaiinua bastola mezani. Mvuke ukaendelea kupanda, tone likaanguka ndani ya ndoo. Akamlenga kifuani, akafyatua, bila hasira, kama mtu anayegonga muhuri. Bastola ikakohoa. Risasi ikatoka na kuja kwa mwendo wa mtu anayerudi kazini baada ya likizo, ikapita juu ya meza ya pasi, ikafika kwenye aproni, ikaigusa, ikaangukia kikapu cha foronya.

Wifi akaiokota, akainusa. "Hii bado inanukia sabuni ya maua," akasema, na chumba kizima kikacheka. Hata msimamizi alitabasamu kidogo.

Mama Kichanga alikuwa keshaanza kutembea. Maziwa yalishuka kwa kusikia kilio, yakalowesha gauni. Alipita kwenye mapipa, akapita kwenye kamba za kuanikia, akaunyoosha mkono ashike kitasa.

Msimamizi akairudisha bastola mezani. Ko.

Miguu ikashika sakafu. Maziwa yakarudi yalikotoka, na gauni likakauka kifuani.

"Si umeona mwenyewe haina kitu?" wifi akamwuliza.

"Nimeona."

"Basi nenda."

"Nenda wewe. Ni mama yako."

Wifi akaitazama miguu yake mwenyewe. Akili zao zilikuwa zimejua siku nyingi. Miguu haikuwa imeambiwa.

Jioni, nyumbani, mtoto alishika ziwa kwa pupa, akafumba macho. Mama mkwe akaweka kijiko mezani. Ko. Mtoto, ambaye hajawahi kuiona bastola, akaacha kunyonya. Tone la maziwa likasimama kidevuni pake, lisishuke. Mama mkwe alikitazama kijiko, akakiinua, tone likashuka, mtoto akaendelea.

"Tutatandika kitambaa," bibi akasema.

Wakatandika. Mama Kichanga akabakiza kipande, akakikunja vizuri, na asubuhi akaenda kukitandika juu ya meza ya msimamizi. Aliona kwamba huenda tatizo lote lilikuwa ni ule mlio.

Msimamizi alikipapasa kitambaa. "Umefikiri jambo la maana," akasema. "Chuma kilikuwa kinakwaruza meza. Kipigwe pasi kila siku."

Akailaza bastola juu yake, bila mlio wowote. Mvuke ukasimama. Getini mtoto alikuwa ndiyo kwanza ameanza kulia, na kilio kikakatikia katikati, kikabaki hapo.

"Vuta, wifi," Mama Kichanga akasema, akashika pembe zake mbili.