Wa Kumi na Mbili

Timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo cha Pruitt haikuwa na lolote ila ulinzi. Washambuliaji wao, Mungu awasamehe, walikuwa wameambulia pointi tatu tu kwa teke moja mchana kutwa, na watu wa Kansas waliojifunika blanketi jukwaani walishajua kwamba kombe likipatikana, litapatikana kwa kuzuia. Sasa zilibaki sekunde nne. Wapinzani, mabingwa mara tano, walikuwa na mpira hatua moja kutoka mstari wa Pruitt; wakiuvuka nao, kombe ni lao. Na ukungu ulitanda hadi viunoni.

"Washamba nyinyi, rudini mkakamue ng'ombe!" alipayuka Weems, mkimbiaji wao.

"Njoo basi, bwana mkubwa," alimjibu Tavita, pande la mtu. "Mlango uko hapa."

Nahodha Emmett Rask alilitaka kombe hili kuliko kitu chochote. Yeye na Lonnie, mwenzake wa chumbani, waliapiana kulileta. Lonnie akazikwa Oktoba.

"Hesabu!" aliamuru Emmett. Ndiyo desturi yao: kila mlinzi hutaja namba yake kabla ya mpira kuchezwa, maana wakizidi kumi na mmoja ni kosa, na adui husogezewa mpira mbele.

"Moja!" "Mbili!" Wakafika kumi na moja. Kisha, nyuma ya bega lake la kulia, taratibu, "Kumi na mbili."

Nywele zilimsimama. Sauti ile alikuwa ameishi nayo chumba kimoja miaka mitatu.

Angeweza kujifanya hakusikia. Lakini kumi na mbili ni kumi na mbili; mmoja lazima atoke.

"Tavita, toka nje!"

"Umerukwa na akili, kaka? Ukuta wenyewe ni mimi!"

"Nimesema toka!"

Tavita akatoka mbio huku akilaani. Weems akaliona pengo, akacheka, akapewa mpira, akajitosa humo kichwa mbele. Akaanguka kama gunia, nusu hatua kabla ya mstari. Hakuna aliyemgusa. Kipenga kikalia.

Watu walimwagika uwanjani wakilia kwa furaha. Emmett alibaki palepale. Weems alikuwa bado chini, peke yake.

"Mwambie aniachie mguu," alisema, sauti ikimtetemeka. "Tafadhali, kaka. Mikono yake ina baridi."

Emmett akapiga magoti kwenye majani yaliyoganda. Alitamani kunyamaza, abaki na rafiki yake kidogo tu. Machozi yakamtoka.

"Mwachie, Lonnie," alisema. "Mpira umekwisha. Tumeshinda."

Weems akauvuta mguu, ukatoka.