Barua Iliyopata Kumi kwa Kumi

Jumanne asubuhi Wabwile alikuwa kwake Tuwan, Kitale, anakunywa chai, Jerono alipompigia simu. Hakuna cha salamu wala nini.

"Wabwile, umemwandikia baba nini?"

Alikuwa amemwandikia mara moja tu, wiki mbili zilizopita, kuomba siku ya kuja na wazee wake wa Kanduyi kumposa Jerono. Kumbe jana imeingia barua pepe nyingine, kutoka anwani yake Wabwile kabisa, ikimtangazia babake Jerono, Mzee Kipchirchir wa Kachibora, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, dawa ya nguvu za kiume. "Mimi mwenyewe naitumia," ilisema, "na majirani ni mashahidi."

Woi! Chai ikampalia.

"Si mimi, Jerono! Haki ya Mungu!"

"Baba ameiprinti. Amesema Jumamosi mje tu, atakuuliza mwenyewe."

Wabwile akabadilisha nenosiri mara tatu, kisha mbio hadi kwa Rahab, mwenye saiba, duka la intaneti la mtaani. Rahab akaangalia, akacheka bila huruma.

"Hakuna mtu ameingia kwako, bana. Matapeli wameandika tu jina lako nyuma ya bahasha yao. Utawazuia aje?"

"Sasa mzee nitamwambia nini?"

"Mwambie hivyo hivyo. Na uombe."

Ati amwambie mkwe hivyo! Siku nne ugali haukumshuka. Alimpenda Jerono jamani, na sasa angemkosa kwa sababu ya dawa ambayo hata hajawahi kuiona.

Jumamosi wakafika Kachibora. Kabla hawajaketi, mzee akatoa karatasi mbili zenye alama za wino mwekundu.

"Hii ya dawa nimeisahihisha nikitafuta kosa, nimekosa. Kumi kwa kumi. Na hii ndiyo uliyoandika ukiomba kuja." Akavaa miwani, akasoma. "'Baba, pokea saramu zangu. Tutakutana mahari gani?'"

Wazee wa Kanduyi wakatazamana. Sasa kosa liko wapi hapo?

"Mahari gani!" mzee akasema. "Nilikasirika sana. Nikasema huyu kijana ana kiburi, anaulizia mahari hata hajapewa kiti! Jerono ndiye alinieleza kwamba huko kwenu l na r ni mtu na ndugu yake. Nikakupa nne. Sasa mimi nimefundisha Kiswahili miaka thelathini. Mtu wa nne hapati kumi kwa wiki mbili. Hii dawa si yako."

Wabwile aliona raha mpaka machozi yakamlengalenga. Maneno yote aliyokuwa ameyapanga njia nzima yakapotea.

"Asante sana, Baba. Umeniokoa. Basi tuonyeshe mahari pa kukaa."

Jerono, mlangoni, akafunika uso kwa leso.

Mzee akamtazama Wabwile, akaitazama ile karatasi ya alama nne, kisha akaangua kicheko mpaka miwani ikamdondoka.

"Jerono!" akaita, huku akimvutia kijana kiti kwa mkono wake mwenyewe. "Leta chai. Ni yeye!"